Siri ya Mtungi: Kuchapisha Karatasi kutoka Mbali kwa Simu

Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia ndani ya mtungi kila siku, nayo yajua kama maji ni mengi au machache, safi au machafu. Lakini kata haineni. Leo mtungi wetu ni karatasi ya mtihani, na kata ni kila mashine inayoipokea karatasi hiyo kabla haijafika mezani pa mwanafunzi. Ubaya ni huu: kata za siku hizi zina mdomo.

Nitawaeleza kwanza kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayeficha makosa yake hafundishi vema.

Mwisho wa muhula mmoja nalikuwa nyumbani, upande wa pili wa mji, na mvua ilikuwa imeharibu njia. Mtihani wa hesabu ulikuwa Jumatatu. Ijumaa jioni nalimaliza kuandika maswali katika simu yangu. Printa ya shule ilikuwepo ofisini, lakini mimi nalikuwa mbali nayo. Basi nikamtumia faili kijana mmoja mwenye duka la fotokopi karibu na shule, kwa njia ya ujumbe wa simu. Jumamosi asubuhi nikaona heri kugeuza swali la saba. Lilisema hivi: pipa lina lita 240, na bomba latoa lita 8 kila dakika, maji yatakwisha baada ya dakika ngapi? Nikaona ni jepesi mno, nikaandika lita 360. Nikatuma faili jipya, naye kijana akachapisha nakala 45, akazifunga vizuri, akazipeleka shuleni. Nikamshukuru sana.

Jumatatu wanafunzi waliandika. Jioni nikaanza kusahihisha. Jibu la swali la saba lilikuwa dakika 45. Lakini wanafunzi sita walikuwa wameandika dakika 30, bila hesabu yoyote pembeni. Nikashangaa. Nikarudia kuhesabu mimi mwenyewe, nikidhani nimechoka. Kumbe dakika 30 ni jibu la pipa la lita 240, yaani pipa la Ijumaa, ambalo wao hawakupaswa kuliona hata kidogo.

Nikaenda kumwuliza yule kijana. Akasema: «Mwalimu, mimi sikumpa mtu. Lakini faili lako la kwanza lilibaki ndani ya kompyuta, nao wateja wangu hukaa wenyewe penye kompyuta kutafuta mafaili yao.» Ninamsadiki. Yeye hakuiba kitu. Ni mimi niliyeweka mtungi wangu njiani.

Mkurugenzi alifuta mtihani wote, nao ukaandikwa upya juma lililofuata. Siku ile msichana mmoja, ambaye alikuwa amejibu maswali yote kwa akili yake mwenyewe, alinifuata barazani akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, mimi nilikosa nini?» Sikuwa na jibu. Ni kwa ajili ya swali lake kwamba nilijifunza mambo ninayoandika hapa.

MTUNGI ULIPITA WAPI?

Tuhesabu kata pamoja. Faili lilitoka katika simu yangu. Likapita katika njia ya ujumbe. Likaingia katika simu ya kijana. Likahamia katika kompyuta ya duka. Likaenda katika printa. Karatasi zikalala mezani, kisha zikachukuliwa mkononi hadi shuleni. Njia ya ujumbe yenyewe ilikuwa na kufuli nzuri. Lakini kufuli hiyo ilikomea kwenye simu ya kijana. Toka hapo faili lilikuwa uchi.

Basi neno la kwanza la kushika ni hili: njia salama si ile yenye kufuli mahali pamoja, bali ile yenye kufuli toka mwanzo hata mwisho. Mwanzo ni simu yangu. Mwisho ni printa ya shule, ndani ya chumba ambacho najua nani ana ufunguo wake.

NJIA TATU ZISIZOTOSHA

Wengine watasema: «Simu za leo zaweza kuchapisha zenyewe.» Ni kweli. Simu za Apple zimeweza tangu mwaka 2010, kwa kazi inayoitwa AirPrint. Na simu za Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, huzitambua printa nyingi bila kuongezewa programu. Lakini hayo hufanyika nyumba moja tu, simu na printa zikiwa katika waifai ile ile. Ukivuka mto, hawaonani tena.

Wengine watasema: «Afadhali kuipa kampuni kubwa kazi ya kupeleka faili.» Google ilikuwa na kazi ya namna hiyo, jina lake Google Cloud Print. Watu wengi waliizoea, nao wakasahau njia nyingine. Tarehe 31 Desemba 2020 ikafungwa. Siku iliyofuata, aliyekuwa hana njia nyingine alibaki na simu mkononi na printa iliyonyamaza. Tena, kampuni ni kata nyingine.

Wengine, nao ndio wanaonitia hofu zaidi, watasema: «Nitaifungulia printa yangu mlango wa intaneti, nipate kuifikia toka popote.» Ndugu, usifanye hivyo. Printa nyingi husikiliza katika mlango wa namba 9100, nazo hazimwulizi mtu jina lake: lolote linaloingia, zalichapa. Mwezi wa Novemba 2018 mtu mmoja alitafuta katika intaneti printa zilizoachwa wazi namna hiyo, akazichapisha karatasi za kumsifu mtu wa video anayempenda. Yeye mwenyewe alisema zilikuwa kama 50,000. Safari ile ilikuwa mzaha. Lakini anayeweza kuingiza karatasi ya mzaha aweza pia kumaliza wino na karatasi zako zote, au kufanya jambo baya zaidi.

NJIA YENYE MUHURI

Mwaka 1995, katika chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki, nchini Finland, mwizi alitega sikio katika waya za chuo, akakusanya maneno ya siri ya watu yaliyokuwa yakipita humo. Wakati ule neno la siri lilisafiri katika waya kama barua isiyo na bahasha. Mtaalamu mmoja wa hapo, Tatu Ylönen, aliudhika. Mwaka ule ule akatunga programu iitwayo SSH, akawagawia watu bure. Mwaka 1999 watu wa OpenBSD walitoa yao, OpenSSH, ambayo ni ya wote hata leo, nayo hailipiwi kitu. Mlango wake ni namba 22.

SSH yafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kusiri maneno. Mashine mbili zinapokutana, hupatana kwanza juu ya siri mpya, kwa hesabu ya namna iliyotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Ajabu ya hesabu hiyo ni kwamba msikilizaji aweza kusikia maneno yote wanayopeana, asiweze kuipata siri yenyewe. Mazungumzo yakiisha, siri hiyo yatupwa.

Kazi ya pili ni kutambuana. Hapo kila mtu ana vitu viwili vilivyozaliwa pamoja, kama ufunguo na kufuli yake. Ufunguo ni wa siri, nao haukai pengine ila ndani ya simu yako. Kufuli waweza kumpa mtu yeyote. Hata adui akiwa nayo haimsaidii kitu. Unaiweka kufuli yako katika kompyuta ya shule. Ukija kubisha hodi, simu yako huandika neno lenye sahihi ambayo ni mwenye ufunguo tu awezaye kuitia, nayo kompyuta huipima sahihi hiyo kwa kufuli. Angalieni: ufunguo wenyewe hausafiri kamwe. Mwizi wa Helsinki angetega sikio mwaka mzima asipate kitu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Vitu vyatakiwa vinne: printa; kompyuta ndogo yenye Linux karibu nayo, hata ikiwa kuukuu; simu ya Android; na mahali pa kukutania, nitakapopaeleza. Kama mambo haya ni mageni kwako, mwite fundi au mwanafunzi mkubwa apendaye kompyuta, mkae pamoja siku moja. Lakini usimwachie kazi peke yake: ufunguo ni wako.

Kwanza, unganisha printa na kompyuta kwa waya. Katika Linux, karani wa printa ni programu iitwayo CUPS, iliyoanza kutolewa mwaka 1999. Ipe printa jina fupi. Sisi tuliiita «shule». Chapisha karatasi moja ukiwa umesimama hapo hapo. Kama haichapi ukiwa karibu, haitachapa ukiwa mbali.

Pili, weka OpenSSH katika kompyuta hiyo, ufungue humo akaunti isiyo na kazi nyingine ila kuchapa. Sisi tuliiita «chapa». Kisha soma alama ya kidole ya kompyuta, yaani mstari wa herufi unaoitambulisha, uiandike katika daftari lako. Amri ni hii:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Tatu, katika simu weka programu ya Termux, na ndani yake openssh. Zaa ufunguo kwa amri hii:

ssh-keygen -t ed25519

Itakuomba neno la kuufungia ufunguo. Usiache tupu. Mtu akikuibia simu, neno hilo litakuwa mlango wa pili baada ya kufuli ya kioo.

Nne, chukua kufuli, ndilo faili linaloishia na .pub, uiweke katika kompyuta ya shule, ndani ya faili la akaunti «chapa» liitwalo authorized_keys. Mbele ya kufuli hiyo, katika mstari ule ule, andika maneno haya:

restrict,command="lp -d shule"

Maneno haya machache ndiyo moyo wa kazi yote. Maana yake: anayeingia kwa ufunguo huu hawezi kufanya lolote ila kuipa printa kitu cha kuchapa. Hawezi kusoma mafaili, hawezi kufuta, hawezi kuzunguka ndani ya nyumba. Ni kama mlango wenye tundu la barua: mkono waingiza bahasha, lakini mtu hapiti.

Tano, kataza maneno ya siri. Katika mpango wa SSH wa kompyuta ya shule andika PasswordAuthentication no, kisha uiwashe upya SSH. Tangu hapo wanaobahatisha maneno ya siri usiku na mchana katika intaneti watachoka bure.

MAHALI PA KUKUTANIA

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nalikwama majuma mawili. Shule nyingi za kwetu hupata intaneti kwa modemu ya simu. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama nyumba nyingi zenye sanduku moja la posta. Shule yaweza kutoka kwenda nje, lakini wa nje hawezi kuja kubisha mlangoni pake, kwa kuwa mlango hauna namba yake.

Dawa yake ni kutafuta mahali pa kukutania: seva ndogo ya kukodi, yenye anwani yake katika intaneti. Kompyuta ya shule huenda huko yenyewe, ikaacha njia wazi nyuma yake:

ssh -N -R 2222:localhost:22 mlinzi@seva

Badala ya neno seva utaandika anwani ya seva yako. Kwa sababu umeme hukatika, nao mtandao huanguka, mpe programu ya autossh kazi ya kuirudisha njia hiyo kila inapokatika. Kisha katika simu, ndani ya faili la mipango ya SSH (.ssh/config), andika:

Host shule
HostName localhost
Port 2222
User chapa
ProxyJump mlinzi@seva

Weka kufuli ya simu yako katika seva pia, ili mlinzi akuruhusu kupita. Basi, ukiwa na mtihani wako katika PDF, wautuma kwa amri moja:

ssh shule < mtihani.pdf

Mara ya kwanza simu itakuonyesha alama za vidole, kwanza ya seva, kisha ya kompyuta ya shule, ikuulize kama wazijua. Usijibu «yes» kwa haraka kama wengi wafanyavyo. Fungua daftari, linganisha herufi kwa herufi. (Ya seva waisoma kwa mwenye kuikodisha.) Mtu akijifanya shule, ni hapo tu utakapomtambua.

Mwanafunzi mwenye akili ataniuliza: «Mwalimu, je, seva hiyo si kata nyingine?» Swali zuri! Jibu ni hili: seva yaona bahasha, haioni barua. Katika mpango huu simu haifungui muhuri kwenye seva. Yapita tu, ikaenda kupatana na kompyuta ya shule yenyewe, muhuri ndani ya muhuri. Mwenye seva ajua saa uliyotuma na ukubwa wa mzigo. Maswali hayajui.

Mambo yakienda vizuri, simu itakujibu kwa namba ya kazi. Faili la kurasa mbili za maandishi matupu ni jepesi kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo gharama ya intaneti ni ndogo sana.

MAMBO YA KUANGALIA

La kwanza: namba ya kazi yasema kwamba kompyuta imepokea, haisemi kwamba karatasi imetoka. Printa ikiwa imezimwa au karatasi zimekwisha, CUPS itangoja kwa uvumilivu, na mtihani wako utatoka wakati mtu atakapoiwasha, pengine Jumatatu asubuhi mbele ya wanafunzi waliotumwa kuleta chaki. Basi piga simu kwanza: yuko mtu wa kuaminiwa karibu na printa? Shuleni kwetu ni Mama mwandishi. Namwambia: «Mama, uko karibu?» Akijibu ndiyo, natuma, naye hakati simu mpaka karatasi iwe mkononi mwake.

La pili: CUPS ina tabia ya kuhifadhi mafaili yaliyochapwa kwa muda wa siku moja, isipoambiwa vinginevyo. Hiyo ndiyo ilikuwa hila ya kompyuta ya dukani, kukumbuka kupita kiasi. Andika PreserveJobFiles No katika faili lake la mipango, cupsd.conf, nayo itasahau mara tu kazi ikiisha.

La tatu: tuma nakala moja tu. Hizo 44 nyingine zitolewe kwa fotokopi ya shule, mlango umefungwa, mwalimu akiwepo. Karatasi iliyoharibika ichomwe, isitupwe. Nimeona wanafunzi waliosoma mtihani kwenye karatasi iliyofungia karanga.

La nne: programu zote zipewe marekebisho yake. Mwezi wa Septemba 2024 mtaalamu Simone Margaritelli alitangaza makosa katika programu za kundi la CUPS, yaliyomwezesha mtu wa mbali kuidanganya kompyuta kwa kuiletea printa ya uongo. Marekebisho yalitolewa upesi. Lakini hayamsaidii asiyeyaweka. Ukipotewa na simu, usingoje: siku ile ile futa mstari wa kufuli yake katika kompyuta ya shule na katika seva. Simu ikipatikana, utaurudisha.

NENO LA MWISHO

Labda msomaji mmoja atasema: «Taabu yote hii kwa ajili ya karatasi moja?» Nami nalisema hivyo. Tena, mashine haiwezi kufanya kazi ya dhamiri. Mama mwandishi akitaka kuusoma mtihani aweza kuusoma, nami mwenyewe naweza kuutoa kwa mdomo wangu, na SSH haitanizuia. Kufuli nzuri haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Lakini inapunguza idadi ya watu ambao hatuna budi kuwaamini, na inamwondolea kijana wa dukani mzigo ambao hakuuomba. Zamani kata zangu zilikuwa nyingi, nami sikuzijua. Leo naweza kuzitaja kwa majina.

Muhula uliofuata nalituma mtihani kwa njia hii, usiku, mvua ikinyesha. Jumatatu wengine walifaulu, wengine walianguka, kila mmoja kwa kazi yake. Swali la saba lilikuwa juu ya pipa tena. Yule msichana alilijibu kwa mistari mitatu ya hesabu, safi, na pembeni hapakuwa na neno la kufuta. Nikaandika alama zake kwa wino mwekundu, nikalala.

Wanafunzi, jaribuni hili nyumbani: chukueni barua yoyote mliyotuma juma hili kwa simu, mwandike katika daftari kila mahali ilipopita hata ikamfikia mwenyewe. Hesabuni kata zenu. Mkizikuta ni nyingi kuliko mlivyodhani, basi somo la leo limewaingia.